Kubana matumizi ya nyumbani bila kualika maradhi

MZEE mmoja wa hapa Voi, fundi cherehani kwa miaka mingi, aliletwa kwangu na mkewe asubuhi moja ya mwezi wa Desemba akiwa hawezi kuinua mkono wake wa kulia. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na maneno yalimtoka kwa shida. Presha yake ilikuwa juu mno. Alikuwa amepatwa na kiharusi, yaani mshipa wa damu katika ubongo ulikuwa umeziba au umepasuka.

"Mama, zile tembe za presha bado anameza?" nikamwuliza mkewe.

"Anameza, daktari, ila tulikuwa tunazibania," akajibu kwa sauti ya chini. "Karo ya Januari ilikuwa bado. Baba akasema atameza moja Jumatatu na moja Ijumaa, ili pakiti itufikishe mwezi wa pili."

Akanionyesha pakiti yenyewe. Ilikuwa dawa niliyomwandikia mimi mwenyewe, ya kampuni yenye jina kubwa, ilhali dawa ile ile ya kampuni nyingine ilikuwa ikiuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Sikuwa nimemwuliza kama ataweza kuinunua kila mwezi. Yeye hakutaka kunisumbua kwa kuniambia kwamba hawezi. Hivyo sote wawili tulikosea, naye akalipa kwa mkono anaoutumia kukata kitambaa.

Msomaji mpendwa, bei za vitu zinapopanda, kila nyumba hutafuta mahali pa kupunguza. Hilo ni jambo la busara. Taabu ni kwamba aghalabu tunapunguza pale ambapo ni rahisi kupunguza, kama vile dawa, maji safi na chakula cha watoto, na kuacha pale ambapo fedha zinavuja kimya kimya. Juma hili tutajifunza namna ya kutofautisha mambo hayo mawili. Chukua kalamu na karatasi, kwa maana kuna hesabu kidogo.

ANZA NA DAFTARI

Daktari hawezi kutibu kabla ya kupima. Vivyo hivyo, huwezi kupunguza gharama usizozijua. Nunua daftari dogo la shule na kwa siku 14 andika kila shilingi inayotoka nyumbani, hata ile ya peremende ya mtoto. Usibadilishe chochote katika siku hizo. Andika tu.

Baada ya siku 14, gawanya matumizi katika mafungu manne: chakula na vinywaji, moto na taa, maji, kisha matibabu na mengineyo. Fungu la mwisho liwe na nauli, salio la simu, sigara, pombe na michezo ya kubahatisha. Watu wengi niliowapa zoezi hili wamerudi wakiwa wameshangazwa na kitu kimoja: fedha nyingi zinakwenda katika vitu vya Sh20 na Sh50 ambavyo hawakuwa wakivihesabu kuwa matumizi.

Chukua mfano wa soda. Tuseme unanunua chupa ya nusu lita kwa Sh60 kila siku kazini. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni Sh1,800, na kwa mwaka mzima Sh21,900. Sasa tazama upande wa afya. Soda ya kawaida ya nusu lita huwa na sukari ipatayo gramu 50, yaani takriban vijiko 12 au 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Chupa moja tu imemaliza fungu lako la siku, na hujanywa chai bado. Hapa mfuko na mwili vinadai kitu kimoja.

HASARA YA KUNUNUA KIDOGO KIDOGO

Katika mitaa yetu wengi hununua kwa mtindo wa "kadogo": mafuta ya kupimiwa, sukari ya Sh10, sabuni ya kipande. Anayelipwa kwa siku hulazimika kununua hivyo, na sitamlaumu. Lakini ni vyema ajue anacholipa.

Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia ni Sh300, na kipimo cha mililita 50 ni Sh20. Vipimo 20 vinajaza lita moja, na 20 mara 20 ni Sh400. Umelipa Sh100 zaidi kwa mafuta yale yale. Nyumba inayotumia lita 3 kwa mwezi hupoteza Sh300 kila mwezi, au Sh3,600 kwa mwaka. Weka bei za duka lako mahali pa hizi zangu, uone jibu lako.

Dawa ya tatizo hili ni ushirikiano. Majirani wanne au watano wakiweka fedha pamoja kama chama, wanaweza kununua gunia la mahindi, la viazi au la kabeji kutoka Wundanyi na kugawana. Mkungu mzima wa ndizi za Taveta ukigawanywa nyumba tatu hugharimu kila nyumba fedha kidogo kuliko vichane vya rejareja kando ya barabara kuu. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida nyingine ni ya kiafya. Mafuta yanayopimwa kutoka kwenye mtungi ulio wazi hupigwa na jua na vumbi. Aidha, usinunue mafuta yaliyokwisha kukaangia, yale meusi yanayotoa povu. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika na kutengeneza kemikali zisizofaa mwilini.

CHAKULA: KARIBU NI RAHISI

Kaunti yetu ya Taita Taveta ina bahati ambayo wengi hawaioni. Milimani kuna mboga, viazi vitamu, maparachichi na mihogo. Huko chini kuna pojo, kunde na mbaazi. Taveta kuna ndizi na nyanya. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za mjini asubuhi ni chai na mkate mweupe, mchana ni chipsi, na jioni ni ugali na sukuma.

Gramu 100 za maharagwe makavu au pojo zina takriban gramu 20 za protini, karibu sawa na nyama mbichi ya uzani huo. Tena, maharagwe huvimba yakipikwa na kulisha watu zaidi. Ukichanganya nafaka na jamii ya kunde, kama vile mahindi na maharagwe, kila kimoja hujaza upungufu wa protini ulio katika kingine. Wazee wetu walijua jambo hili bila kwenda shule ya udaktari. Kimanga, ile mihogo, viazi au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe, ni chakula kamili kinachogharimu kidogo. Mtoto wa mjini asilelewe akidhani kwamba ni chakula cha maskini.

Mambo matano madogo ya jikoni:

1. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika. Yataiva mapema, utatumia makaa machache na tumbo halitajaa gesi sana.

2. Kula mboga za majani pamoja na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, nyanya au chungwa. Madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharagwe yataingia mwilini vizuri zaidi.

3. Usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja hivi. Ushauri huu haugharimu hata senti moja, nao huwasaidia sana wajawazito na wasichana wenye upungufu wa damu.

4. Punguza chumvi na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, ambavyo vimejaa chumvi. Kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima ni kama kijiko kimoja cha chai, gramu 5. Kitunguu, dania, ndimu na pilipili hukoleza mchuzi vizuri.

5. Panda mchicha au mnavu katika gunia au beseni kuukuu nyuma ya nyumba. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulimwagilia.

Akina mama wanaonyonyesha nao wasikie hili. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama, hata maji hahitaji. Maziwa ya kopo ni ghali, na yakikorogwa kwa maji machafu humletea mtoto kuhara. Mama akila vizuri zaidi kidogo, familia imeokoa fedha nyingi na mtoto amepata kinga.

MAHINDI YA BEI YA KUTUPA

Rahisi huvunja upishi. Mwaka 2004 majirani zetu wa Makueni na Kitui walikula mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hushambulia ini. Watu 317 waliugua na 125 walifariki. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliokula mavuno yao au mahindi waliyonunua sokoni.

Sumu hii haiondoki kwa kupika, hata ukichemsha ugali mara mbili. Kwa hivyo usinunue mahindi yenye rangi ya kijani au kijivu, yaliyosinyaa, au yanayonuka uvundo, hata kama mwuzaji anakupunguzia nusu ya bei. Nyumbani, chagua punje moja moja kabla ya kwenda kusaga na uziondoe mbovu. Anika mahindi juu ya turubai, usiyaanike juu ya udongo, kisha yahifadhi pakavu, gunia likiwa juu ya mbao.

Je, unga wa kusagisha mwenyewe ni bora kuliko wa pakiti? Kila mmoja una faida yake. Ule wa kusagisha bila kukoboa una nyuzi nyingi zinazosaidia tumbo na aghalabu ni rahisi. Ule wa pakiti, kwa sheria iliyoanza mwaka 2012, unatakiwa kuongezwa vitamini na madini. Anayekula mboga na kunde kila siku hatapungukiwa na kitu akichagua ule wa kusagisha, mradi mahindi yawe safi.

MOTO: MAKAA, KUNI NA HATARI YAKE

Kama bado unatumia jiko la bati tupu, badilisha. Jiko lenye udongo ndani hutunza joto na hutumia makaa machache zaidi. Bei yake ya ziada hurudi baada ya muda mfupi kutokana na makaa unayookoa.

Njia nyingine ni jiko la kikapu. Chukua kikapu kikubwa, kitandike vizuri kwa vipande vya blanketi kuukuu au sufi, na utengeneze mto mnene wa kufunikia juu. Chemsha chakula motoni, kisha hamishia sufuria yenye kifuniko ndani ya kikapu huku ikitokota. Wali utaiva wenyewe bila moto. Kwa maharagwe kuna onyo: maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali tu. Yaloweke, yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, ndipo uyatie kikapuni. Na kabla ya kula, pasha moto hadi yatokote tena.

Sasa nitaje kubana matumizi kunakoua. Miezi ya Juni na Julai, baridi inapoingia Wundanyi na vijiji vya milimani, wako watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga madirisha ili joto lisipotee, wakalala. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, huhisi kichefuchefu na usingizi, kisha haamki. Jiko libaki nje wakati wa kulala. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mazishi.

Na wanaotumia mafuta ya taa, tafadhali msiyaweke katika chupa ya soda. Mtoto atayanywa akidhani ni kinywaji. Ikitokea, usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa kwa nguvu. Mkimbize hospitalini, kwa sababu akitapika mafuta hayo yanaweza kuingia kwenye mapafu.

MAJI SAFI KWA JUA LA VOI

Maji ni taabu yetu ya siku nyingi. Bomba la Mzima linapita katika kaunti hii likipeleka maji Mombasa, lakini mifereji ya mitaa mingi hukauka na watu hununua mtungi kwa mtungi. Anayenunua maji kwa bei ghali hushawishika kuyanywa kama yalivyo ili asitumie makaa juu yake. Kisha mtoto anahara, na gharama ya siku moja hospitalini inazidi makaa ya mwezi.

Kwanza, wengi huchemsha maji kupita kiasi. Maji yakitokota kwa nguvu kwa dakika moja yanatosha. Ni mahali palipo juu sana tu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kama kilele cha Vuria chenye mita 2,208, ndipo yatokote dakika 3. Anayechemsha kwa dakika 20 anachoma fedha.

Pili, kuna njia ya jua. Jaza maji yasiyo na tope katika chupa ya plastiki iliyo angavu, isiyo na rangi na isiyozidi lita 2. Iondoe karatasi yake. Ilaze juu ya bati kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, yaani saa 6 kamili juani. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo. Mionzi na joto la jua huua vijidudu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa watoto wa Kimaasai hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba watoto waliokunywa maji ya chupa zilizoanikwa juani walipungukiwa na visa vya kuhara. Fahamu, hata hivyo, kwamba jua haliondoi chumvi ya visima wala kemikali. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi na uyaache yatulie. Au tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa yake.

Mtoto akihara licha ya yote hayo, anza mara moja kumpa maji yenye chumvi na sukari. Pakiti zake hupatikana katika vituo vya afya pamoja na tembe za zinki. Kama hazipo, tengeneza: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Ukiona damu katika choo, macho yamedidimia, hawezi kunywa au amelegea, usingoje. Nenda hospitalini.

DAWA: ULIZA, USIPUNGUZE

Turudi kwa fundi wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu. Presha haiumi, na hii ndiyo sababu tembe zake huwa za kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Lakini dawa ya presha au ya kisukari hufanya kazi siku ile uliyoimeza. Kumeza mara mbili kwa juma ni kama kufunga mlango wa nyumba siku mbili na kuuacha wazi siku tano.

Kila dawa ina majina mawili: jina la kitaalamu, kama amlodipini au metformini, na jina la biashara ambalo kampuni imeibandika. Dawa iliyosajiliwa yenye jina la kitaalamu lile lile na nguvu ile ile hufanya kazi ile ile, na huweza kuwa rahisi mara kadhaa. Mwambie daktari wako bila haya: "Niandikie ile ya bei nafuu nitakayoweza kununua kila mwezi." Daktari mzuri hatakasirika. Tangu siku ile mimi huuliza kabla ya kuandika.

Zipo pia dawa unazoweza kuacha kununua. Mafua ya kawaida hayahitaji antibiotiki, kwani huletwa na virusi ambavyo antibiotiki haiviui. Sindano haina nguvu kuliko tembe kwa homa ndogo. Chupa za vitamini hazina kazi kwa mtu anayekula mboga na matunda. Vilevile, si kila homa ni malaria. Mpime mtu damu kwanza kabla ya kununua dawa, hasa ninyi mlio Taveta ambako mbu ni wengi. Ila daktari akithibitisha kwamba unahitaji antibiotiki, nunua dozi nzima uimalize. Nusu dozi hupoteza fedha na kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Usisahau huduma ambazo tayari zimelipiwa. Chanjo za watoto hutolewa bure katika vituo vya umma, zikiwemo ya nimonia iliyoanza mwaka 2011 na ile ya kuhara kwa virusi vya rota iliyoanza mwaka 2014. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, naye asiye na ajira rasmi hukadiriwa kulingana na mapato ya nyumba yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi. Aliyejisajili anatakiwa kupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma bila malipo. Kama hujajisajili, fanya hivyo ukiwa mzima. Mgonjwa aliye mahututi si wakati wa kuanza kutafuta nambari ya kitambulisho.

ZOEZI LA JUMA HILI

Keti na watu wa nyumba yako, mjibu maswali haya kwa pamoja:

1. Ni kitu gani tunachonunua kila siku ambacho tukikiacha hakuna atakayeugua? Kizidishe mara 30, kisha mara 365.

2. Ni kitu gani tunachonunua kidogo kidogo ambacho tungeweza kununua kwa pamoja na majirani?

3. Je, kuna mtu katika nyumba hii anayebania dawa yake bila kutuambia?

4. Maji tunayokunywa yametibiwa kwa njia gani, na moto unaotumika ni wa lazima?

5. Akiugua mmoja wetu usiku wa leo, tuna nauli ya kufika hospitalini, na je, tumejisajili?

Swali la tatu ndilo ninalolisisitiza zaidi. Baba au mama hukata dawa yake kimya kimya ili watoto wasome, akidhani anawasaidia. Watoto wenyewe wakijua, mara nyingi watakuwa wa kwanza kusema soda iachwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yule fundi sasa anatembea kwa mkongojo. Mkono haujarudi kama zamani, na mkasi huushika mkewe siku hizi huku yeye akimwelekeza. Dawa yake ya bei nafuu anaimeza kila asubuhi, na mama huweka alama katika daftari la matumizi, ukurasa ule ule wenye bei ya unga na ya makaa. Mara ya mwisho walipokuja, nililisoma daftari hilo kabla hata ya kumpima presha. Katika safu ya soda palikuwa pameandikwa sufuri mwezi mzima.